Quine, hen, lassie: Waskoti humwitaje mwanamke, na ipi ni heshima?

BintiMuheza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku Aberdeenshire, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Kuna bibi ana miaka tisini na kitu, kila nikiingia zamu ya asubuhi ananisalimu, "Fit like, quine?" Hivi karibuni wamekuja wahudumu wapya, watu waliosoma Kiingereza kizuri cha vitabuni, na hili neno limezua mjadala chumba cha mapumziko. Mmoja alifungua kamusi ya Kiingereza, akakuta neno linalokaribiana nalo, quean, limeelezwa kuwa ni mwanamke malaya. Aliumia sana. Alitaka kupeleka malalamiko kwa msimamizi, kwamba mzee anamtukana kila siku mbele ya watu.

Nimeona niweke uzi kwa sababu ndugu zetu wengi wanakuja huku kwa kazi za uuguzi na uhudumu, na neno hili watalisikia wiki ya kwanza tu. Msimamo wangu nausema mapema: quine si tusi. Ni neno la kawaida kabisa la nyumbani, baba anamwita binti yake hivyo, na anayetaka kujua maana yake amsikilize anayelitumia kabla ya kukimbilia kamusi iliyoandikwa kusini kwa ajili ya Kiingereza cha kusini.

Kwa wasiojua: linatamkwa "kwaini". Msichana ni quine, mvulana ni loon. Mtoto mdogo wa kike ni quinie. Lakini umri si kitu. Mama wa miaka sitini akisema anatoka jioni na "the quines", anamaanisha marafiki zake wa kike wa siku zote. Lugha yenyewe huku inaitwa Doric, ni lahaja ya Kiskoti. Kuna sauti ya Kiingereza inayoandikwa wh. Wao kwenye maneno ya kuuliza hutamka f. "Nini" inakuwa fit, "wapi" inakuwa far, "nani" inakuwa fa. Kwa hiyo "Fit like?" ni "Uko vipi?" tu. Unajibu "Nae bad", si vibaya, au "Chavin awa", ambayo sijaona tafsiri bora kuliko "napambana". Wazee wengine watakuuliza "Foo's yer doos?", yaani njiwa wako hawajambo, na jibu lake ni "Aye peckin", wanaendelea kudonoa. Hakuna njiwa hapo, ni salamu.

Karibuni mwenye kujua zaidi, hasa mlioko Glasgow, Dundee na visiwani. Nasikia huko maneno ni mengine.

Kichwangumu77

Mkuu, mimi nilijua msichana wa Kiskoti anaitwa lassie. Au hilo ni jina la yule mbwa wa filamu za zamani?

BintiMuheza

Kaka, yote mawili ni kweli, na mbwa ndiye aliyeazima. Lassie ni "kasichana" kwa Kiskoti: lass, kisha ile -ie ya kudogosha kwa mapenzi. Yule mbwa wa hadithi ya mwaka 1940 na filamu ya 1943 ni wa aina ya collie, mbwa wa wachungaji wa Uskoti, ndiyo maana akapewa jina la Kiskoti la kike. Dunia nzima ikamjua mbwa kabla ya kulijua neno. Lassie linaeleweka Uskoti kote, na lass bila ile -ie linatumika mpaka kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire na Newcastle. Quine ni la kwetu huku: Aberdeen, Banff, Moray, Buchan.

MwanaisimuPwani

Asante kwa uzi, dada. Naomba niingie kwenye asili ya neno, maana hapo ndipo mwenzako wa kazini alipokwama.

Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili mapacha. Moja, cwēn, lilikuwa mke, hasa mke wa mtu mkubwa, na ndilo lililopanda likawa queen, malkia. La pili, cwene, lilikuwa mwanamke yeyote. Kusini mwa Uingereza hili la pili likaanza kushuka: kutoka mwanamke, likawa mwanamke wa hali ya chini, likawa mwanamke asiye na haya. Hiyo ndiyo quean aliyoiona kwenye kamusi. Kaskazini-mashariki mwa Uskoti neno halikushuka, likabaki pale pale lilipokuwa. Kwa hiyo bibi yako anamwita mtu "mwanamke" kwa maana ambayo ina zaidi ya miaka elfu moja.

Na halikuwa la huko peke yake. Robert Burns alikuwa mtu wa Ayrshire, kusini-magharibi, na katika shairi lake la Tam o' Shanter, lililotoka mwaka 1791, anatumia queans kwa wasichana vijana wenye afya zao. Kwingine limepungua, kwenu limebaki hai.

Ukoo wake ni mpana. Kiswidi wanasema kvinna, Kidenmaki kvinde. Kigiriki gynē, ambalo ndilo lililo ndani ya jinakolojia, kitengo ambacho dada zetu wauguzi wanakijua vizuri. Hata Kigaeli cha Uskoti, ambacho ni lugha ya tawi jingine kabisa, kina bean, mke au mwanamke, kutoka shina hilohilo.

Mama_Wawili_Liverpool

Jamani nimefurahi kusoma hapo juu! Mimi niko Liverpool. Huku kina mama wa sokoni wananiita "queen". "You all right, queen?" Nilidhani ni masihara ya kunivisha taji. Kumbe ni yule pacha mwingine.

SalmaWaClyde

Glasgow hapa, mwaka wa nane. Kwetu quine hulisikii. Kwetu ni *hen*.

Najua Mswahili akisikia mtu anaitwa kuku jike atashtuka, kwa sababu sisi kuku kwa mtu ni dharau, ni woga. Kwa Mglasgow haina uhusiano. Dereva wa basi: "There ye go, hen." Nesi kwa mgonjwa: "Ye awright, hen?" Mama kwa binti yake, binti kwa mama yake, mwanamke kwa mwanamke asiyemjua aliyeanguka barabarani. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mkunga alinishika mkono usiku mzima akiniita hen, na lile neno lilinifikia kama vile ningeitwa "mwanangu" na mama yangu mzazi.

Ila kuna mambo matatu ya kujua. Hen ni kwa mwanamke tu. Mwanamume ataitwa pal au big man. Pili, usichanganye na ile sherehe ya wanawake kabla ya harusi inayoitwa hen night, hiyo ni ya Uingereza yote. Tatu, kuna neno *burd*. Kijana wa Glasgow akisema "ma burd" anamaanisha mpenzi wake. Wengi wanadhani ni bird tu, yaani ndege, kwa matamshi ya mtaani, lakini kwenye tenzi za zamani za Kiskoti burd alikuwa bibi wa heshima, mwanamke wa nasaba. Sasa hivi wanawake wengi hawalipendi, na mimi simo kati ya wanaolipenda.

Nuru_K

Samahani, mimi nitakuwa kinyume kidogo. Niko Edinburgh, kazi ya ofisini. Nakubali yote kuhusu asili ya maneno, lakini asili haimalizi kesi. Kuna mwanamume mmoja tulikuwa naye kikao kimoja, wanaume wote akawaita kwa majina na vyeo, nikianza kutoa hoja mimi ananiambia, "Aye, hen, hang on," yaani ngoja kwanza. Hoja yangu ikafia pale. Hakuna aliyeniambia kwamba nimetukanwa, na kamusi haitasema nimetukanwa. Lakini nilijua.

Wanawake wenyewe wa Kiskoti wanabishana kuhusu hili. Wapo wanaosema hen ni joto la nyumbani wasiitoe kamwe, na wapo wanaosema iachwe kabisa kazini. Tusije tukawaambia wageni "ni utamaduni, vumilia."

BintiMuheza

Nuru, mdogo wangu, nakuunga mkono asilimia zote. Na ndiyo maana nilisema asikilizwe anayelitumia. Kwenye kikao chako wanaume walipewa vyeo, wewe ukapewa hen. Kosa limo kwenye kugawa: kama angemwita kila mtu pal na hen, isingekuwa na uzito. Yule bibi wangu anamwita quine kila mwanamke anayeingia mlangoni, kuanzia meneja mpaka mfagizi, na daktari pia. Hapo hakuna aliyeshushwa.

Kipimo changu ni hiki: je, wanaume walioko chumbani humo wanaitwa kwa lugha ya daraja hiyohiyo? Kama loon na quine zinatembea pamoja, kaa kwa amani. Kama quine imebaki peke yake kati ya madokta na mameneja, sema.

KijanaWaThogoto

Salamu kutoka Kiambu, wadau. Nimeingia hapa kwa sababu ya jina la kwetu. Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, ndipo misheni ya Kanisa la Uskoti ilipokita baada ya kuhamia kutoka Kibwezi mwaka 1898. Wazee wetu walisikia "Scot". Kikuyu hakina s, na neno haliwezi kuisha kwa konsonanti, kwa hiyo likawa Thogoto, na mahali pakabaki na jina hilo. Kwa ufupi, sisi tunaishi "Uskotini". PCEA, kanisa kubwa la huku, limetokana na misheni hiyo.

Na wanawake wa Kiskoti walikuwapo, si wanaume peke yao. Marion Stevenson alifika 1907, akafundisha wasichana Thogoto na baadaye Tumutumu kule Nyeri. Cucu zetu, yaani bibi zetu, waliosoma shule hizo walifundishwa kusoma na wanawake ambao nyumbani kwao waliitwa lassie.

Sasa swali langu: mbona Waskoti wenyewe wengine wanasema hiyo si lugha, ni Kiingereza kibovu? Nimewahi kufanya kazi na mmoja Nairobi, alikuwa akianza kuongea hivyo anajirudi, anaomba radhi.

MwanaisimuPwani

Ndugu wa Thogoto, hapo umegusa kidonda. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 ilileta shule ya lazima Uskoti, na lugha ya shule ikawa Kiingereza. Mtoto aliyesema Kiskoti au Kigaeli darasani aliambiwa azungumze "vizuri", na wengi walichapwa kwa mkanda wa ngozi, tawse, uliokuwa ukitengenezwa mji wa Lochgelly. Adhabu ya viboko shule za serikali ilifutwa mwaka 1987 tu. Kwa hiyo mtu mzima unayekutana naye leo anaweza kuwa alichapwa mwenyewe. Waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni Kenya na Tanzania hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini mambo yanabadilika. Sensa ya 2022, watu wapatao milioni 1.5 walisema wanazungumza Kiskoti. Na mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria inayozipa Kigaeli na Kiskoti hadhi rasmi.

BintiMuheza

Na huyo Mskoti wa Nairobi aliyekuwa akijirudi, ndiye ninayemuona kila siku kwa wazee wetu. Wakiongea na daktari wanabadilika, sauti inakuwa nyembamba, maneno yanawakauka. Daktari akitoka, Doric inarudi na wao wanarudi. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, Kiingereza ndicho kinachomtoka kwanza, Doric inabaki. Mhudumu asiyejua kwamba "ma heid's sair" ni kichwa kinauma atamuacha mtu na maumivu. Kwa kazi yetu hii, kujifunza maneno haya ni sehemu ya huduma.

Sasa nataka niwape hadithi ya quines niliowaahidi kichwani mwangu tangu naanza uzi, maana bila wao neno hili linabaki ganda.

Heringi ni samaki ndugu wa sadini. Karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, pwani hii yote iliishi kwa heringi. Mashua zilifuata makundi ya samaki kuzunguka kisiwa cha Uingereza: kiangazi Shetland, Wick, Fraserburgh, Peterhead, na ikifika vuli ziko Great Yarmouth na Lowestoft, kusini kabisa. Wanaume walivua. Lakini heringi ana mafuta, anaharibika upesi, lazima atumbuliwe na kutiwa chumvi siku hiyohiyo. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Kwa Kiingereza waliitwa herring lassies, huku kwetu herring quines, na waliotoka visiwa vya Kigaeli waliitwa clann-nighean an sgadain, mabinti wa heringi.

Walifanya kazi watatu watatu. Wawili wanatumbua, mmoja anapanga kwenye pipa, safu ya samaki, safu ya chumvi, mara nyingi yule mrefu kwa sababu pipa likiwa tupu lazima uiname mpaka kiuno kiingie ndani. Kisu kifupi, mkono mmoja, mzunguko mmoja, matumbo yametoka, na papo hapo samaki anatupwa kwenye beseni la ukubwa wake bila kupimwa kwa chochote zaidi ya jicho. Walio hodari walifikisha samaki 60 kwa dakika. Hebu hesabu: mmoja kila sekunde, nje, kwenye upepo wa bahari ya Kaskazini, mpaka shehena iishe, hata kama ni usiku wa manane.

Vidole walivifunga kwa vitambaa, cloots, wakavikaza kwa uzi, kwa sababu kisu kikikukata na chumvi ikaingia, kidonda hakifungi msimu mzima. Kabla ya msimu mwajiri alitoa arles, fedha ya kufunga mkataba, na ukishaipokea umefungwa naye. Walisafiri kwa treni maalumu, kila mmoja na kasha lake la mbao, kist, lenye nguo, matandiko na vitu vyake vyote. Wengine walikuwa na miaka 15. Na hata wakiwa wanatembea kwenda kazini mikono haikukaa bure, walikuwa wakifuma sweta.

Mwaka 1907 Uskoti ilisafirisha nje takriban mapipa milioni 2.5 ya heringi wa chumvi, mengi yakienda Ujerumani, Urusi na nchi za Baltiki. Kila pipa lilipita mikononi mwa hawa. Kisha vita vya 1914 na mapinduzi ya Urusi ya 1917 vikavunja soko, na bei ikawaangukia wao. Mwaka 1936 waligoma Great Yarmouth kudai malipo bora kwa kila pipa.

Bibi yangu wa asubuhi ni mjukuu wa mmoja wao. Ananiita kwa jina ambalo nyanya yake aliitwa akiwa na kisu mkononi.

Kichwangumu77

Dah. Samaki mmoja kwa sekunde. Mimi mama yangu alikuwa anapara samaki feri, najua mkono unavyokuwa baada ya saa moja tu. Heshima kwao.

MtotoWaJute

Naongeza Dundee, maana nimesoma huko. Dundee ilikuwa mji wa viwanda vya jute, nyuzi za kufumia magunia, malighafi ikitoka Bengal. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake kwa sababu walilipwa kidogo kuliko wanaume, na kijana wa kiume akifikisha umri wa kulipwa mshahara wa mtu mzima alikuwa anaachishwa. Ikatokea mji mzima mke ndiye anayeamka kwenda kiwandani, mume yuko nyumbani anaangalia watoto. Wanaume hao wakaitwa kettle bilers, wachemsha birika, na mji ukaitwa She Town. Mitambo ilikuwa na kelele kiasi kwamba wasukaji waliongea kwa ishara za mikono na kusomana midomo.

Mary Slessor alitoka humo. Alizaliwa Aberdeen mwaka 1848, quine halisi, familia ikahamia Dundee, akaingia kiwandani akiwa na miaka 11, nusu siku kazi nusu siku shule. Mwaka 1876 akaenda Calabar, Nigeria, akajifunza Kiefik mpaka akawa anakiongea kama wenyeji, akaokoa watoto mapacha waliokuwa wakitupwa porini. Sura yake ikaja kuwekwa kwenye noti ya pauni 10 ya Clydesdale Bank.

Mwanahawa_Stornoway

Assalaam alaikum. Naandika kutoka kisiwa cha Lewis, mume wangu ni mtu wa huku. Hapa ni Kigaeli, si Kiskoti, ni lugha mbili tofauti kabisa na watu huzichanganya.

Kwa Kigaeli msichana ni caileag. Nighean ni binti, na pia msichana. Mwanamke ni boireannach. Na kile kisu cha heringi kwetu kinaitwa cutag, dada wa Muheza, bado kuna nyumba kimetundikwa ukutani.

Nililopenda zaidi ni majina ya ukoo. Wote mnajua Mac, "mwana wa": MacDonald, MacLeod. Kumbe hilo ni la mwanamume tu. Kwa Kigaeli mwanamke haitwi Mac, anaitwa Nic, yaani binti wa. Kaka ni MacLeòid, dada ni NicLeòid. Kiingereza kilipokuja kuandika watu kwenye madaftari kikawaandika wote Mac, na wanawake wakaitwa wana wa kiume kwenye karatasi. Mimi niliyekulia Pemba nikiitwa binti fulani nililielewa jambo hili kwa mara moja. Wifi yangu hakuhitaji kunieleza mara mbili.

Kuna lingine kwenye makaburi. Uskoti mwanamke aliyeolewa alibaki na jina la kwao. Nenda kwenye makaburi ya zamani: jiwe linaandika mume, kisha mkewe kwa jina la ukoo wa baba yake. Hata kwenye hati za mahakama aliandikwa kwa majina yote mawili. Desturi ya kuacha jina la kwenu ukiolewa ilienea baadaye, kutoka kusini.

SalmaWaClyde

Mashallah, hilo la Nic sikuwa nalijua kabisa. Na wazee je? Bibi kizee anaitwaje?

Mwanahawa_Stornoway

Cailleach. Ni neno zito. Lilianza na maana ya mwenye shela, aliyejifunika, hata mtawa. Baadaye bibi kizee. Na katika ngano Cailleach ndiye mwenye majira ya baridi. Wanasema hufulia shuka lake kwenye kizingia cha bahari cha Corryvreckan, karibu na kisiwa cha Jura, na likitakata ndiyo theluji inayofunika nchi.

MwanaisimuPwani

Kiskoti chenyewe kina carline, kutoka lugha ya Wanorwe wa kale. Bibi kizee, na pia mchawi. Hapa lazima tuwe wakweli, maana uzi huu usiwe wa sifa tu. Sheria ya uchawi ya Uskoti ilidumu kutoka 1563 mpaka 1736. Walioshtakiwa wanaojulikana wanafika karibu 3,800, na asilimia 84 walikuwa wanawake. Wengi walinyongwa kisha miili ikachomwa. Lugha ilishiriki: neno moja lilibeba uzee wa mwanamke na uchawi kwa pamoja, na mwanamke mkali wa mdomo akaitwa besom, ufagio, ambalo mpaka leo utasikia likitumika kwa binti mtundu. Tarehe 8 Machi 2022 Waziri Mkuu wa Uskoti wa wakati huo, Nicola Sturgeon, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali.

Nuru_K

Asante kwa kuliweka hili. Ndilo nililokuwa nalitafuta. Neno la upole na neno la kunyonga vilitoka kwenye vinywa vya watu wale wale.

Na *wifie*? Jirani yangu ana asili ya Aberdeen, anasema "the wifie at the shop". Nikadhani ni mke wa mwenye duka.

BintiMuheza

Hapana, wifie ni mwanamke yeyote mtu mzima, awe ameolewa au hajaolewa. Wife zamani ilikuwa "mwanamke" tu, maana ya mke wa mtu ilikuja kubana baadaye. Ndiyo maana wale wauza samaki wa Newhaven, karibu na kwako Edinburgh, waliitwa fishwives: walibeba vikapu vya samaki mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, sketi za mistari tabaka kwa tabaka, wakapanda mlima kwenda kuuza mjini wakinadi. Si wake wa samaki wala si lazima wake wa wavuvi. Wanawake wa samaki.

Ila usimwite mtu wifie usoni. Ni la kumtaja asiyekuwepo, "yule mama". Na mwenye kuishi na mwanamume bila ndoa anaitwa bidie-in, huku linatamkwa bila kificho wala lawama.

Muuguzi_Mtarajiwa

Dada BintiMuheza, shikamoo. Naanza kazi Fraserburgh mwezi ujao, nyumba ya wazee. Nimesoma uzi wote. Sasa mimi niwaiteje hao kina mama? Kuwaita jina tupu mtu wa umri wa bibi yangu siwezi, mdomo unakataa.

BintiMuheza

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kazi.

Siku ya kwanza muulize kila mmoja, "Ungependa nikuiteje?" Wengi watakuambia jina la kwanza, na ukiwaita Mrs fulani wanaona unawaweka mbali. Wachache watataka Mrs, waheshimu, na kiandike kwenye faili la huduma ili wenzako wa zamu nyingine wajue. Shikamoo yako itatoka kwa mikono na sauti: piga magoti uwe usawa wa macho yake unapoongea, usimpite mlangoni bila salamu.

Wewe usianze kumwita mzee quine. Neno hili hutoka kwa mkubwa kuja kwa mdogo, au huenda kati ya marika. Wenzako wa umri wako wakikuzoea watakuita, nawe utawaita. Bibi akikuambia "Fit like, quine?" mjibu "Nae bad, foo's yersel?", yaani si vibaya, na wewe je? Atacheka, atakurekebisha matamshi, na kuanzia hapo atakuwa mwalimu wako.

Asipoita hivyo, akatumia neno la rangi yako au la matusi ya kweli, hilo ni jambo jingine. Liandike, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, usilifunike kwa neno utamaduni.

Na koti nunua huku huku, la kuzuia upepo. La Kariakoo halitafika Novemba.